Kicharazio cha Vitufe au cha Kioo? Kiswahili Nacho Kiulizwe

Msomaji mmoja wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, ameniletea swali ambalo kwa kawaida huulizwa fundi wa simu, haliulizwi mwalimu wa lugha. Anataka kununua simu mbili. Moja ni yake mwenyewe: yeye hutunga mashairi, na amechoshwa na simu ya kioo ambayo, kwa maneno yake, "yaandika itakalo, siyo nitakalo mie." Ya pili ni ya mamake, aliyesoma chuoni utotoni na ambaye huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila wasiwasi, lakini herufi za Kirumi huziokota moja moja. Mama huyo ana mtoto mwingine Maskati, na wote watatu huwasiliana kwa sauti za kurekodi kwa sababu maandishi yamewashinda. Je, auliza msomaji, turudi kwenye simu za vitufe?

Sioni kuwa amepotea njia kwa kulileta swali hili hapa. Ukitembea kutoka Mwembe Tayari hadi Barabara ya Digo utapita maduka ya simu mengi mno, na ukitega sikio utasikia mazungumzo yale yale. "Ami, hii kamera yake moto!" Betri inakaa siku ngapi? Jibi ngapi? Laini moja au mbili? Hata wanaohakiki simu magazetini hupima kamera kwanza, kisha kasi, kisha bei. Sijapata kumsikia mnunuzi akiuliza simu inaandikaje. Ilhali rambirambi, mwaliko wa harusi, maombi ya kazi, ugomvi wa mirathi na salamu za Idi, vyote siku hizi hupitia kwenye simu. Mtu yule yule anayeijaribu kalamu ya shilingi ishirini kwa kuichora-chora kwenye karatasi kabla ya kuilipia, huinunua simu ya shilingi elfu ishirini asiiandikie hata neno moja.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Ubao wa herufi tunauita kicharazio hapa Kenya. Tanzania kuna baobonye, na mitaani kote ni kibodi tu. Kicharazio kimetokana na kucharaza, na kucharaza ni kuipiga ala ya muziki kwa ustadi, na pia ni kumtia mtu bakora. Kwa jinsi watu wanavyovipiga vioo vya simu zao, maana zote mbili zinafaa. Simu ya kioo vijana wa Mombasa huiita tachi. Ile ndogo yenye tochi ni mulika mwizi, na ng'ambo ya mpaka ni kitochi. Nitayatumia majina haya bila aibu. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyetupa runinga, alikuwa bingwa wa kuchimbua majina ya vitu vipya kutoka ndani ya lugha, na ninaamini angelicheka kwa furaha kwa hilo la mulika mwizi.

Sasa tuiangalie hiyo mulika mwizi, kwa kuwa wanaotamani kurudi kwenye vitufe wengi huikumbuka yeye. Ina vitufe kumi na viwili, na herufi zote ishirini na sita zimerundikwa kwenye vinane. Kitufe cha 7 kimebeba p, q, r, s. Ukitaka s unakibonyeza mara nne. Neno "sasa" basi lina mibonyezo kumi. Herufi x iko ya pili kwenye kitufe cha 9, kwa hiyo "xaxa" ni mibonyezo sita tu. Vivyo hivyo "sijui" ni mibonyezo kumi na mitatu, na "cjui" ni tisa. Kiambishi "tu" kina herufi mbili zilizo kwenye kitufe kimoja, cha 8, kwa hiyo ilibidi uandike t, ungoje kidogo, kisha uandike u, ndiyo maana kijana alikibana kitufe cha 2 mara moja na akaandika "2taonana." Neno "mno" lote zima liko kwenye kitufe cha 6, na kulingoja litoke ilikuwa adhabu.

Wenzangu wengi walimu wamelalamika kuhusu uandishi huo kwa miaka, wakiuita uvivu na uharibifu wa lugha. Mimi naona walimlaumu mwandishi wakakisahau kifaa. Kijana aliyeandika "xaxa" alikuwa amefanya hesabu sahihi, tena alikuwa na nafasi ya herufi 160 tu kwa kila ujumbe aliolipia. Sidai kuwa vitufe ndivyo sababu pekee; madaha ya ujana na hamu ya kuwa na lugha ya siri vilikuwamo. Jambo la kushangaza ni kuwa leo kijana huyo huyo anayo simu ya kioo ambayo s na x zote ni mguso mmoja, na bado anaandika "xaxa." Kifaa kimekufa, tabia yake ya uandishi imebaki. Kwa hiyo swali la msomaji wangu ni zito kuliko anavyodhani: kicharazio tunachokichagua sasa kitatuachia tahajia ambayo wajukuu wataiona kuwa ni ya kawaida.

Kuna vitufe vya aina ya pili, na hivi ndivyo vyenye wapenzi wa kweli. Ni vile vya simu zilizokuwa na kicharazio kamili, kila herufi na kitufe chake, mfano wa taipureta iliyonywea. BlackBerry ndiyo iliyoupa mtindo huo jina, tangu kifaa chake cha kwanza cha mwaka 1999. Januari 2007 Steve Jobs alipoionyesha iPhone kwa mara ya kwanza, alizikejeli simu za namna hiyo kwa hoja kwamba vitufe vya plastiki vipo pale pale uvihitaji usivihitaji, na kwamba haviwezi kubadilika programu inapobadilika. Soko lilimfuata. BlackBerry yenyewe iliendelea na vitufe hadi KEY2 ya mwaka 2018, na tarehe 4 Januari 2022 huduma za simu zake za zamani, zile zisizotumia Android, zilizimwa. Akikuuzia mtu moja ya hizo leo kwa bei ya kutupa, fahamu kuwa unanunua pambo.

Lakini wapenzi wa vitufe hawakuwa wapumbavu. Kidole kinapogusa kitufe kinajua kimefika. Kwenye vitufe vya namba, kile cha 5 kina kinundu. Kwenye kicharazio kamili, mara nyingi ni F na J. Asiyeona hupata njia kwa vinundu hivyo, ilhali kioo ni bapa kama sinia, na asiyeona hana budi kutegemea sauti inayomsomea. Kioo cha simu za sasa hutambua mguso kwa umeme mdogo unaopita kwenye ngozi, na ndiyo maana hakikubali kitambaa cha kawaida. Wako akina mama wa Mji wa Kale wanaovaa glavu pamoja na nikabu zao. Hao, kila wanapotaka kujibu ujumbe njiani, hawana budi kuvua glavu, jambo ambalo kitufe hakingewalazimisha. Na nani aliyeandika kwenye kioo mchana wa Kaskazi, vidole vimelowa jasho, asiione simu ikiruka huku na huku kama iliyopagawa? Kwa upande wa pili, chumvi na vumbi la pwani huingia chini ya vitufe, na kitufe kikishakwama hakuna dua.

Hayo ni ya mwili wa simu. Ugomvi wa msomaji wangu hasa ni na kilicho nyuma ya kioo. Anasema huandika "kama" ikatoka "karma", akaandika "hapo" ikatoka "happy", na siku moja ubeti mzima ulimfikia rafiki yake ukiwa na Kiingereza katika vina vya kati. Kwa nini? Kwa sababu mguso wa kidole ni mnene kuliko herufi, na simu hulazimika kukisia ulikusudia herufi ipi. Hukisia kwa kutazama kamusi yake. Simu ikiwa imetoka dukani ikijua Kiingereza pekee, kila neno la Kiswahili mbele yake ni Kiingereza kilichokosewa. Ni kama kumpa mhariri asiyejua lugha yako mswada wako, naye akaona haya kukurudishia bila kalamu nyekundu.

Na hata tukiipa kamusi ya Kiswahili, bado kuna tatizo la kimuundo ambalo wanafunzi wa isimu watalitambua mara moja. Kiingereza kina maneno mafupi yanayosimama peke yake. Unaweza kuyapanga kwenye orodha. Kiswahili hujenga neno kwa kuambika. Chukua kitenzi "andika" peke yake. Nafsi sita za mtenda, nafsi sita za mtendwa, njeo nne za kawaida: umeshapata maumbo yapatayo mia moja, hata ukiziondoa zile nafsi zinazojirudia. Hujaongeza kauli za kutendea, kutendana na kutendesha, hujaongeza ngeli, wala ukanushi, wala virejeshi. "Alivyotuandikia" ni neno sahihi ambalo mtu husema bila kufikiri, lakini usishangae kamusi ya simu ikilikosa. Ndipo mstari mwekundu unapotokea chini yake, na mwanafunzi mwenye shaka na Kiswahili chake akaamini kuwa amekosea. Hilo ndilo linalonikera zaidi ya "karma." Neno lililogeuzwa mtu hulicheka na kulifuta, neno sahihi lililotiliwa mstari humfanya mtu alikimbie, aandike sentensi nyepesi zaidi, na mwisho aandike Kiingereza.

Kuna na kadhia ya ng'. Herufi q na x, ambazo tahajia yetu haizitumii kabisa, zina mahali pao pa heshima kwenye kila kicharazio, urithi wa taipureta ya Sholes iliyoanza kuuzwa na Remington mwaka 1874. Ritifaa ya ng' kwa kawaida imefichwa ukurasa wa pili, pamoja na alama za pesa. Matokeo yake mnayaona: "ngombe", "ngambo", "ngara." Wengine watasema muktadha unatosha. Basi waniambie aliyeandikiwa "ngoa" ameandikiwa nini. Ng'oa ni kutoa kitu kwa mizizi. Ngoa ni wivu, na washairi wa pwani wamelitumia neno hilo la pili tangu zamani. Fauka ya hayo, simu hujifunza kutoka kwako. Andika "ngombe" mara kadhaa, nayo italiweka akilini na kukupendekezea mbele ya lile sahihi. Kitufe hakina tabia hiyo. Hakifundishi wala hakifundishwi.

Kufikia hapo utadhani namuelekeza msomaji wangu kwenye vitufe. Lakini vitufe vina kasoro moja kubwa ambayo mapenzi huifunika: vimechapwa. Aliyechagua herufi gani ziwepo alikwisha kuchagua kiwandani, mbali na Mombasa. Hapa Steve Jobs, kwa hoja yake ya kibiashara, aligusa jambo linalotuhusu sisi kuliko alivyojua.

Mombasa ni mji ulioandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu muda mrefu kabla ya taipureta. Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita aliyefariki karibu mwaka 1840, zingepotea nyingi kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingezikusanya baadaye katika karne ile, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Huyo Taylor, katika kitabu chake cha methali cha mwaka 1891, alihangaika kutia alama ili herufi za Kirumi zionyeshe sauti za Kimvita. Alikuwa na sababu. Kimvita kinapambanua "paa" mnyama, lenye mpumuo, na "paa" la nyumba, lisilo nao. "Kaa" wa ufuoni na "kaa" la moto. Kinapambanua t ya menoni na t ya ufizini, hata "kuteka", ambako kwingine ni kucheka, si sawa na kuteka maji kisimani. Mwaka 1928 mkutano wa kusanifisha lugha ulifanyika papa hapa Mombasa, ukachagua Kiunguja kiwe msingi, na tahajia iliyotokana na usanifishaji haikuweka alama za tofauti hizo. Sina nia ya kuufufua ugomvi huo. Ninasema tu kuwa kicharazio cha vitufe kimeufunga kabisa, ilhali cha kioo, kwa kubana herufi kidogo, hutoa alama nyingi ambazo Taylor alipaswa kuzitafutia mchapishaji.

Na hati ya Kiarabu nayo ina madai yake. Kiarabu hakina p, ch, g wala v kama zetu. Waandishi wa zamani waliachia ba ibebe b na p na hata mb, wakamtegemea msomaji ajue lugha. Kasra ilisimama kwa i na kwa e. Dhumma kwa u na kwa o. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyechapisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, alikuwa miongoni mwa walioshughulikia urekebishaji wa hati hii ili itoshe sauti za Kiswahili. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar, mwana wa Mombasa aliyehamia London, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha mapendekezo ya utaratibu kamili wa hati hiyo kwa msingi wa Kiswahili cha Mombasa hii hii. Wakati huo kuuchapa utaratibu kama huo kulitaka mtambo maalumu. Leo kicharazio cha Kiarabu kwenye simu ya kioo, ukiibana ba, mara nyingi hukupa pe yenye nukta tatu; ukiibana fa hukupa ve; na harakati nazo zimo. Kicharazio cha Kiurdu kina pe, che na ga waziwazi. Hakuna simu ya vitufe madukani kwetu inayokaribia hapo.

Kuhusu zile sauti za kurekodi, sizidharau. Zinaihifadhi t ya menoni ya mama kuliko tahajia yoyote. Lakini sauti huwezi kuipitia kwa jicho, huwezi kutafuta ndani yake jina la daktari aliyekutajia mwezi uliopita, na mtu hawezi kuisikiliza barazani bila jirani kuisikia. Mama anayejua kuandika asinyimwe maandishi kwa sababu dukani walidhani herufi ni za aina moja.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Kibokoni, simu zote mbili nunua za kioo. Ya kwako: ingia kwenye mipangilio, weka Kiswahili katika lugha za kicharazio. Gboard ya Google na SwiftKey ya Microsoft zote wanacho. Kisha zima kabisa ile hali ya kusahihisha yenyewe. Acha mapendekezo ukitaka, kwa kuwa pendekezo hulazimiki kulikubali. Kama hamu ya vitufe haikwishi, na nakuelewa, viko vicharazio vidogo vinavyojitegemea vinavyounganishwa na simu kwa bluetooth. Ukikaa mezani kutunga utenzi wa beti mia, hicho kitakufaa kuliko BlackBerry ya mtumba, na vidole vyote kumi vitapata kazi.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuwashie simu, uandike mwenyewe "ng'oa", "sasa", "hapo", "alivyotuandikia", na jina la mtaa wako. Usiharakishe. Tazama ritifaa iko umbali gani, na neno lipi limetiwa mstari. Atakwambia kamera yake moto. Mwambie umesikia, uendelee kuandika.

Simu ya mama ichague yenye kioo kipana, maana herufi za Kiarabu zenye nukta na harakati huteseka kwenye kioo chembamba. Weka kicharazio cha Kiarabu kiwe cha kwanza, na Kiingereza ukiondoe kisije kikajitokeza kidole kinapoteleza. Kaa naye jioni moja umwonyeshe pa kubana apate pe na ve. Che na ga akizikosa, mwongezee na cha Kiurdu. Kisha mpigie nduguyo wa Maskati naye aviweke kwenye simu yake, asije akamjibu mamake kwa herufi za Kirumi.